Ndege mla nta wa Himalaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mlembe wa kwetu anajulikana: ndiye yule anayelia mbele ya mrina asali hadi amfikishe penye nyuki. Majibu haya yanamhusu jamaa yake wa milima ya Asia, ambaye wanasayansi humwita Indicator xanthonotus. Huyu haongozi watu, wala hawahitaji. Maisha yake yanatawaliwa na nta, na ukilishika hilo utaelewa kwa nini anaishi anapoishi, kwa nini dume mmoja huzungukwa na majike wengi, na kwa nini hatima yake imefungwa na ya nyuki wa aina moja.

Ni ndege wa jamaa gani?

Wa jamaa ya mlembe, Indicatoridae, yenye spishi zipatazo 17. Karibu zote ni za Afrika. Asia ina mbili tu. Ndugu zao wa karibu ni vigong'ota na zuwakulu, na undugu huo unaonekana miguuni: vidole viwili vinatazama mbele na viwili nyuma. Aliyemwelezea mlembe wa Himalaya kwa mara ya kwanza kisayansi ni Mwingereza Edward Blyth, mwaka 1842, alipokuwa akisimamia makumbusho ya chama cha wataalamu cha Asiatic Society huko Calcutta.

Nikimwona nitamtambuaje?

Kwanza uwe na bahati ya kumwona, maana akitua hutulia wima kwenye tawi kwa muda mrefu bila kutikisika. Ana urefu wa sentimita 15 hivi, na mdomo mfupi mnene kama wa shomoro. Kwa mbali ni ndege wa kijivu iliyochanganyika na kahawia na kijani kilichofifia, asiye na lolote la kukusimamisha njiani. Subiri aruke. Kiunoni, juu ya mkia, ana bendi ya manjano kali inayokaribia rangi ya chungwa, na dume ana rangi hiyohiyo kwenye paji la uso. Akiwa ametua, tafuta mistari myeupe mgongoni, inayotokana na kingo za manyoya ya ndani ya mabawa. Jike ana rangi zilezile ila zimefifia.

Anaishi wapi?

Katika safu ya Himalaya: kaskazini mwa India, Nepali, Bhutan, kusini mwa Tibet, hadi kaskazini mwa Myanmar. Hupatikana zaidi kati ya mita 1,500 na 3,500 juu ya usawa wa bahari. Lakini urefu wa mlima peke yake hautoshi, wala msitu peke yake. Unaweza kutembea siku nzima katika msitu mzuri wa milimani usimwone hata mmoja, kisha ukamkuta kando ya barabara, kwenye jabali tupu linalodondosha maji. Ramani yake halisi ni ramani ya majabali yenye nyuki.

Nyuki gani hao?

Ni nyuki wa majabali wa Himalaya, Apis laboriosa, nyuki mkubwa kuliko nyuki wote wa asali duniani. Mmoja hufikia karibu sentimita tatu. Hawaingii kwenye mzinga wala kwenye pango la mti. Hujenga sega moja kubwa, wazi kabisa, likining'inia chini ya mwamba uliojitokeza, mahali ambapo mvua haifiki na chui hafiki. Sega moja huweza kuwa na upana unaozidi mita moja, na makundi kadhaa hupenda kujenga kwenye jabali moja, mengine yakirudi mwaka baada ya mwaka.

Baridi ikianza, nyuki hawa huacha masega yao na kuteremka sehemu za chini, ambako hujikusanya mafungu bila kujenga chochote mpaka majira yageuke. Kwa hiyo jabali hubaki na masega matupu, makavu, yasiyo na mlinzi. Kwa ndege anayekula nta, hicho ni chakula kilichohifadhiwa mahali pasipofikika na wengi, na ndiyo sababu baadhi ya madume hukaa palepale mwaka mzima hata nyuki wakiwa wameondoka.

Kwa hiyo hali asali?

Anachokifuata ni nta. Huinyofoa kwenye masega yaliyoachwa, na huokota vipande vilivyoanguka chini ya jabali au kunasa kwenye miamba na majani. Pamoja na nta hula wadudu, na mara nyingi huwakamata hewani: anaruka kutoka kwenye tawi, ananasa, anarudi.

Nta inaliwaje? Si ndiyo ile ya mishumaa?

Ndiyo hiyohiyo, na swali ni la haki. Nta ya nyuki ni mchanganyiko wa asidi za mafuta zilizounganishwa na alkoholi ndefu, pamoja na hidrokaboni. Ina nishati nyingi sana, ila tumbo la wanyama wengi wenye uti wa mgongo haliwezi kuivunja. Mtu akimeza nta hutoka kama ilivyoingia. Tatizo la pili ni joto: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ilhali mwili wa ndege una nyuzi 40 na kidogo. Humo tumboni nta haiyeyuki. Inabaki ngumu, na vimeng'enya vinapaswa kuishambulia hivyohivyo.

Mmarekani Herbert Friedmann, aliyeandika kitabu kizima kuhusu jamaa hii mwaka 1955, alijaribu kulitatua fumbo hilo akiwa na mwenzake Jerome Kern. Mwaka 1956 walieleza kwamba walipata bakteria wenye uwezo wa kuvunja nta katika utumbo wa ndege hawa. Kwa miaka mingi watu waliridhika kwamba bakteria ndio wafanyakazi. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, utafiti uliofanywa kwa mlembe mkubwa wa Afrika ulielekeza macho kwenye mwili wa ndege mwenyewe: inaelekea vimeng'enya vyake vinahusika moja kwa moja, na si vijidudu tu. Kwa maoni yangu maelezo ya pili yana nguvu zaidi.

Hayuko peke yake kabisa. Baadhi ya ndege wa baharini humeng'enya mafuta ya aina ya nta yanayotoka kwa viumbe vidogo vya baharini wanavyokula, na Marekani Kaskazini kuna ndege wadogo wanaokula matunda yaliyofunikwa nta wakati wa baridi. Nondo wa nta, anayewasumbua wafugaji wa nyuki kote duniani, naye huishi kwa masega akiwa kiwavi. Lakini jamaa ya mlembe ndiyo iliyojenga maisha yake juu ya nta ya nyuki.

Nyuki hawamuumi?

Ndege wa jamaa hii wana ngozi nene kuliko ilivyo kawaida kwa ndege wa ukubwa wao, na hilo husaidia. Husaidia zaidi kwamba mlembe wa Himalaya hapendi vita: anachagua sega lililoachwa au makombo ya chini, na kundi hai la nyuki wakubwa namna hiyo hulitazama kwa mbali.

Je, huwaongoza watu kwenye asali kama mlembe wa Afrika?

Hapana. Hata barani Afrika, spishi nyingi za jamaa hii hazifanyi hivyo. Anayejulikana kwa hakika kuwa kiongozi wa watu ni mlembe mkubwa, Indicator indicator, na sifa yake imeenea kwa ndugu zake wote bila wao kuistahili.

Inafaa kumweleza kidogo huyo mkubwa, kwa sababu tofauti ndiyo inayomfafanua wa Himalaya. Kaskazini mwa Kenya, Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer waliwafuata warina asali wa Kiborana na kuchapisha matokeo mwaka 1989: katika eneo wasilolifahamu, mtu asiye na ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kupata nyuki, na akiongozwa na ndege ilikuwa saa 3.2. Kwa Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mwito wa kimila wa warina asali, mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno, ulipandisha uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Wahadzabe wa Tanzania nao wana miluzi yao, na utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa kila eneo huitikia zaidi mwito wa watu wa eneo lao.

Mpango wote huo unategemea jambo moja: nyuki wa Afrika wamejificha ndani ya mti, na ndege anamhitaji mtu mwenye shoka na moto. Himalaya sega liko nje, linaonekana toka ng'ambo ya bonde. Hakuna cha kuonyeshwa na hakuna cha kufunguliwa. Ndege mwenye mabawa na jabali lake hana sababu ya kumwajiri mtu.

Nimesikia dume mmoja huwa na majike kumi na nane. Ni kweli?

Ni kweli kwa dume aliyefuatiliwa nchini Nepali na Edward Cronin na Paul Sherman, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1976. Katika msimu mmoja alipanda mara 46, na majike wasiopungua 18. Tangu hapo kisa hiki kimeingia katika vitabu vya kufundishia tabia za wanyama, na kimestahili.

Namna kinavyofanyika ni hivi. Dume huchukua jabali lenye masega na kulilinda. Dume mwingine akisogea, anafukuzwa kwa nguvu. Jike akija, anaruhusiwa kula, na hapohapo ndipo dume humpanda. Dume hajengi kiota, halishi kinda, haimbi nyimbo ndefu za kubembeleza. Mali yake ni jabali, na jike huja kwa ajili ya mali.

Wapo wanaosoma habari hii na kumlaumu dume kwa ubahili au jike kwa tamaa. Nadhani lawama hizo hazina maana. Wadudu wametapakaa msitu mzima, na hakuna ndege awezaye kuumiliki msitu. Nta imerundikana mahali pachache, na mmoja anaweza kupalinda. Chakula kikirundikana hivyo, wachache hukishika na wengine hukosa: dume asiye na jabali hana cha kumvutia jike yeyote. Kama masega yangekuwa kila mti, huenda tungemkuta ndege huyu akiishi na mke mmoja kwa utulivu.

Na mayai wanataga wapi?

Spishi za jamaa hii ambazo uzazi wake umefuatiliwa kwa karibu, zote za Afrika, hutaga katika viota vya ndege wengine na kuwaachia kazi ya kulea, hasa ndege wanaotaga kwenye matundu. Kinda wa mlembe mkubwa huzaliwa akiwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, na gizani mle ndani ya tundu huwachoma makinda wa mwenye nyumba mpaka wafe. Kwa mlembe wa Himalaya, tabia ya madume inaelekea njia hiyohiyo: baba asiyejihusisha na malezi na mama anayekula na kuondoka vinafaa sana kwa ndege ambaye watoto wake wanalelewa na wengine.

Huyo wa pili wa Asia ni nani?

Ni Indicator archipelagicus, wa misitu ya mabondeni ya Thailand, Malaysia, Sumatra na Borneo. Dume ana doa la manjano begani, na sauti yake huanza kama mlio wa paka kisha hugeuka mngurumo. Humsikia watu wengi zaidi ya wanaomwona.

Je, mishumaa ingemvuta?

Swali hili huulizwa kwa mzaha, lakini lina historia, na historia hiyo iko pwani yetu. João dos Santos, mmisionari Mreno wa shirika la Wadominiko, alikaa Sofala kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1580. Katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1609 alisimulia jinsi ndege wadogo walivyoingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa ya altare. Ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa kuhusu ndege wa jamaa hii kula nta, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Blyth kumwelezea yule wa Himalaya. Mishumaa mingi ya siku hizi hutengenezwa kwa parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, kwa hiyo usitegemee mgeni.

Warina asali wa Nepali humharibia?

Jibu fupi ni kwamba inategemea wanarina namna gani na mara ngapi.

Wagurung wa Nepali ya kati wamerina majabali haya kwa vizazi. Moto wa majani mabichi huwashwa chini ili moshi uwaondoe nyuki. Mrinaji huteremka kwa ngazi ndefu ya kamba iliyosukwa kwa nyuzi za mianzi, akiwa na fito mbili ndefu: moja ya kukata sega, nyingine ya kusogeza kikapu. Kazi hufanywa misimu miwili, ya kuchipua na ya vuli, baada ya sadaka kwa miungu ya jabali. Katika mtindo huo hukata sehemu, masalia hubaki mwambani, vipande huanguka chini, na ndege hupata riziki yake.

Tatizo lilianza jabali lilipogeuka bidhaa. Wataalamu wa kituo cha milima cha ICIMOD kilichoko Kathmandu, waliofuatilia nyuki hawa na warinaji wa wilaya ya Kaski mwanzoni mwa miaka ya 2000, walieleza idadi ya makundi inavyopungua, haki za kurina zinavyotoka mikononi mwa kijiji kwenda kwa wakandarasi, na watalii wanavyolipia kuonyeshwa urinaji hata nje ya msimu. Anayerina kwa mkataba hana sababu ya kuacha kitu ambacho mwakani kitakuwa cha mwingine. Barabara na mabwawa yanayochimbwa kwenye magenge huongeza msukosuko.

Tena nta yenyewe ina wanunuzi. Mafundi wa sanamu wa Patan, jirani na Kathmandu, huunda kwanza sanamu ya nta, huifunika kwa udongo, kisha huyeyusha nta itoke ili shaba imiminwe. Ni sanaa ya karne nyingi na sioni sababu ya kuilaumu. Lakini ni ukumbusho kwamba ndege huyu hashindanii kitu ambacho watu hukitupa.

Asali ya huko inalevya kweli?

Ya msimu wa kuchipua inaweza. Nyuki huchota kwenye maua ya rododendroni, ambayo Wanepali huyaita lali guransi na kuyafanya ua la taifa, na baadhi ya spishi zake zina sumu iitwayo grayanotoksini. Kidogo huleta kizunguzungu. Zaidi hushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kiasi cha kumpeleka mtu hospitali. Bei yake imepanda kwa sababu ya sifa hiyo, na bei ndiyo inayowapandisha watu majabalini. Usiinunue kwa majaribio.

Yuko hatarini kutoweka?

Hajafikia hapo. Eneo lake ni refu, kutoka magharibi ya Himalaya hadi Myanmar, na sehemu kubwa yake haifikiki kwa urahisi. Udhaifu wake ni mwingine: anaishi vituo vituo, na kila kituo kinategemea nyuki wa jabali moja. Nyuki wakihama moja kwa moja, ndege wa pale hawana pa kujificha msituni na kula matunda. Kwa hiyo kuhesabu ndege peke yake ni kuchelewa. Masega ndiyo yanayopaswa kuhesabiwa kwanza.

Nikitaka kumwona niende wapi?

Bhutan mashariki ndiko kunakosifiwa zaidi, kwenye barabara ya milimani inayoteremka kutoka Sengor kwenda Yongkola, ambapo majabali ya Namling yako karibu na lami. Nepali, jaribu bonde la Langtang. Usimtafute ndege. Tafuta kwa darubini madoa meusi ya nusu mviringo chini ya miamba iliyojitokeza, ambayo ndiyo masega, kisha chunguza polepole matawi makavu na vichaka vilivyo pembeni yake. Asubuhi yenye jua ni bora kuliko siku ya ukungu.

Usirushe jiwe ili nyuki watawanyike upate picha nzuri. Nyuki hawa hufukuza mtu mbali sana, na walio chini ya jabali ni wewe na dereva wako.